Wizara ya kupatana

Mitihani ilinibana, ndio maana kimya. Leo nina stori ya hapa Manitoba, Kanada, mtadhani naongeza chumvi.

Mwezi wa saba 2021, waziri mkuu wa jimbo, Brian Pallister, alisema waliohamia nchi hii hawakuja kubomoa, walikuja kujenga. Eileen Clarke, waziri wake wa mambo ya wenyeji asilia na kaskazini, akajiuzulu. Tarehe 15 akaapishwa Alan Lagimodiere, na jina la wizara likaongezewa neno: upatanisho.

Sasa sikieni. Hata kiapo hakijapoa, mheshimiwa kawaambia waandishi kuwa walioanzisha shule za bweni za wenyeji asilia waliamini wanafanya jambo sahihi. Shule hizo ndizo zilizochukua watoto zaidi ya 150,000 kutoka kwa wazazi wao, wakakatazwa hata lugha zao. Wab Kinew, kiongozi wa upinzani, ambaye baba yake alipitia huko, alikuwa pale pale. Akamkatiza mbele ya kamera: huwezi kuzitetea shule hizo halafu utake kufanya kazi na wenyeji. Baadaye waziri akaomba radhi.

Wala si kwamba karatasi zilikosekana. Tangu 2016 jimbo lina sheria ya upatanisho, na serikali inatakiwa kutoa ripoti kila mwaka.

Kiswahili chetu kingewasaidia jamani. Kupatana ni kama kupendana au kugombana, lazima muwe wawili. Mtu akikukanyaga, hawezi kufungua ofisi ya kupatana na wewe, akaweka na kibao mlangoni, halafu akukaribishe ndani kukueleza kwamba nia yake ilikuwa njema!

Mwaka 2023 Kinew akashinda uchaguzi, mtu wa kwanza wa Mataifa ya Kwanza kuongoza serikali ya jimbo Kanada. Safi sana, ila na yeye hawezi kupatana kwa niaba ya kila mtu.

Wabongo wenzangu huku husema ugomvi huo si wetu, sisi tumekuja juzi tu. Mimi sikubali. Winnipeg yote iko kwenye ardhi ya Mkataba Namba 1 wa 1871, na ushuhuda wa waliosoma shule zile umehifadhiwa humu humu University of Manitoba. Ukipanga chumba kwenye nyumba yenye kesi, angalau uliza mwenye nyumba ni nani.

Haya, narudi kwenye vitabu. Nyie mnaonaje?