Mikono Iliyombeba

 

Masomo yetu leo ni Marko 2:1-12, Waebrania 11:22 na Warumi 16. Hata kama uko kwenye matatu, yasome ukipata nafasi, usiniamini mimi tu.

Tangu nirudi kutoka London, vijana wetu wa Thika na Ruiru wana ombi moja: "Pasta, picha!" Picha ninazo. Ninazo za Big Ben na za Tower Bridge. Nilifika City Road kwenye kanisa alilolifungua John Wesley mwaka wa 1778, nikaona kile chumba kidogo cha nyumba yake alichokuwa akiombea. Nilifika Metropolitan Tabernacle, kanisa la Charles Spurgeon lililofunguliwa mwaka wa 1861. Liliungua mwaka wa 1898, likapigwa bomu mwaka wa 1941, lakini nguzo zake za mbele zimesimama hadi leo. Hizo picha nitazileta Jumapili, mzitazame baada ya ibada.

Leo nataka tusimame mahali pamoja tu: Westminster Abbey.

Hilo ndilo kanisa ambamo wafalme wa Uingereza huvikwa taji tangu mwaka wa 1066. Mfalme Charles wa Tatu alivikwa humo tarehe 6 Mei 2023. Isaac Newton amezikwa humo, Charles Darwin pia. Ukija kama mtalii unalipa kiingilio. Ukija kwenye ibada, unaingia bure. Kanisa ni lile lile. Wewe mwenyewe litafakari hilo, maana kuna watu huja nyumbani kwa Bwana kila wiki kama watalii.

Aliyenipeleka ni dada mmoja aliyelelewa Makongeni, hapa Thika. Anatunza wazee wa watu: anawaosha, anawalisha, anawageuza usiku wasipate vidonda. Aliniambia, "Pasta, kazi yangu hapa ni kuinua watu." Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na badala ya kulala akaamua kunitembeza. Mungu ambariki.

Karibu na mlango mkubwa wa magharibi kuna kaburi lililozungushiwa maua mekundu. Ni la askari asiyejulikana jina. Aliletwa kutoka Ufaransa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akazikwa pale tarehe 11 Novemba 1920. Katika kanisa lile watu hutembea juu ya makaburi mengi ya sakafuni, lakini hilo halikanyagwi. Hata msafara wa mfalme hulizunguka.

Tukasonga mbele kidogo, katikati ya ukumbi, tukafika kwenye jiwe jeusi lenye herufi za shaba. Ni kaburi la David Livingstone, mmisionari. Pembeni yake kuna Yohana 10:16, ule mstari wa kondoo wa zizi lingine. Na maandishi yake yanaanza kwa kusema kwamba mtu huyu aliletwa pale na mikono miaminifu, kupitia nchi kavu na bahari.

Yule dada akasoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Pasta, hiyo mikono haina wenyewe?"

Wapendwa, swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Jiwe linataja mahali Livingstone alipozaliwa. Linataja hata jina la Chifu Chitambo, ambaye alifia kijijini kwake. Waliombeba hawakutajwa hata mmoja. Acha niwataje.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka wa 1813. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha pamba. Ninyi wa viwandani Thika mnajua kelele za mashine. Huyu mtoto alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine ya kusokota nyuzi ili asome huku akifanya kazi. Akawa daktari, akaja Afrika. Najua wengine mtaniambia kwamba nyuma ya wamisionari walikuja walowezi, na sisi tunaoishi kwenye mashamba ya kahawa na mkonge ya zamani hatuhitaji kufundishwa hilo. Ni kweli. Lakini leo simhubiri Livingstone.

Tarehe 1 Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Wangeweza kumzika hapo na kurudi kwao. Nani angewalaumu? Hakuna aliyekuwa akiwasimamia. Lakini walishauriana, wakaamua kwamba lazima arudi kwa watu wake.

Moyo wake waliuzika chini ya mti. Ibada ilisomwa na Jacob Wainwright, kijana Myao aliyeokolewa utumwani akasomeshwa na wamisionari Nashik, India. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaubeba mabegani. Waliowaongoza ni wawili. Susi, mtu wa Shupanga kando ya mto Zambezi. Na Chuma, Myao aliyekombolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka wa 1861, akiwa bado kijana mdogo. Walikuwako na wanawake, akiwemo Halima, mpishi wao.

Walitembea karibu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500. Baadhi yao walikufa njiani. Kuna mahali wenyeji walikataa maiti isipite, ikabidi waufunge mwili upya uonekane kama robota la nguo. Karibu na Tabora walikutana na afisa Mwingereza, Luteni Cameron, akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa! Februari 1874 wakafika Bagamoyo, kule pwani.

Mwili ulipofika Uingereza, daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka wa 1844. Siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874, kati ya wale wote waliombeba kutoka bara ni Wainwright peke yake aliyekuwepo kushika jeneza. Susi na Chuma walikuwa wamelipwa ujira wao Zanzibar, wakaachwa huko. Baadaye James Young, rafiki wa Livingstone, aliwagharimia wafike Uingereza, lakini mazishi yalikuwa yamekwisha. Walipofika walikaa na kusaidia kusimulia siku za mwisho za marehemu, hadi zikatiwa kitabuni mwaka huo huo.

Ndugu yangu, dada yangu, nimejifunza mambo matatu hapo.

KWANZA, Yesu huona mikono ambayo jiwe halikuitaja. Katika Marko 2 watu wanne wanambeba mgonjwa aliyepooza. Nyumba imejaa. Wanapanda juu, wanatoboa dari. Majina yao ni nani? Biblia haisemi. Lakini angalia mstari wa 5: kilichomgusa Yesu ni imani yao, wale waliobeba, na ndipo akasema na mgonjwa. Mtu yule hakutembea kwenda kwa Yesu. Alitembea kutoka kwa Yesu. Kwenda, alibebwa.

Sisi tunaotumia barabara ya Thika, ukiingia jijini uko karibu na Kariokor. Unajua jina hilo limetoka wapi? Ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Ni babu zetu hao, wengi wao kutoka huku kwetu Kiambu na Murang'a, waliobebeshwa risasi na chakula cha jeshi hadi Tanganyika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa, na makaburi yao hayajulikani. Askari mmoja asiye na jina amezungushiwa maua kule London. Wetu wasio na majina, Bwana anajua kila mmoja alipolala.

PILI, aliye mwaminifu hubeba hadi mwisho. Yusufu alipokaribia kufa Misri aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake itatolewa huko. Waebrania 11:22 inahesabu agizo hilo kuwa tendo la imani. Lakini fikiria waliobeba. Musa aliichukua mifupa hiyo usiku wa kutoka Misri, Kutoka 13:19. Ikazikwa Shekemu, Yoshua 24:32. Katikati yake kuna miaka 40 ya jangwa. Kuna watu walizaliwa jangwani, hawakumjua Yusufu hata kwa sura, lakini kila kambi ilipong'olewa waliinua lile sanduku.

Kuna familia moja kanisani kwetu, upande wa Ruiru, imeniruhusu niseme haya bila kutaja jina. Kijana wao alifia ng'ambo. Gharama ya kumleta ilikuwa kubwa kuliko shamba lao. Watu wenye nia njema waliwashauri azikwe huko huko, na kwa kweli hakuna dhambi katika hilo. Ardhi yote ni ya Bwana. Lakini mama yake alisema neno moja tu: "Nataka nimuone." Mkatoa. Niliona orodha ya michango. Kuna mwendesha boda boda alituma shilingi 50 asubuhi, na jioni akatuma 50 nyingine. Kuna mama muuza mboga alituma kila siku kwa majuma matatu. Siku tulipompokea uwanja wa ndege, mama yule aliweka mkono juu ya jeneza akasema, "Karibu nyumbani, baba." Mvua ilikuwa imenyesha, gari likashindwa kufika kaburini, na vijana sita wa kanisa hili wakambeba kwenye matope bila kuambiwa na mtu. Mahubiri yangu ya siku ile hakuna anayeyakumbuka. Vijana wale, mama yule hatawasahau.

TATU, andika majina. Kule Chitambo, Wainwright alichonga maandishi kwenye ule mti: jina la Livingstone, tarehe, na majina ya wenzake wachache. Mti ulipokatwa miaka ya baadaye, kipande chenye maandishi kilipelekwa London, kikahifadhiwa na Royal Geographical Society. Mji ule ule una jiwe lililosahau majina na gogo lililoyakumbuka.

Paulo naye alikuwa na tabia ya Wainwright. Soma Warumi 16, barua kwa kanisa la mji mwingine mkubwa wa Ulaya. Sura karibu nzima ni majina! Fibi, Priska na Akila, Mariamu aliyejitaabisha, Persisi. Hata Tertio aliyeshika kalamu anapata nafasi ya kusalimu. Mji wa Rumi ulikuwa umejaa sanamu za watu wakubwa. Paulo akawaandika waliofua, waliopika, waliofungua nyumba zao.

Mnapopanda Kilimambogo mnaona kaburi la McMillan, yule tajiri aliyekufa mwaka wa 1925. Jina liko. Waliompandisha mlimani je? Na wewe, uliyesoma hadi ukapata kazi, nani alilipa karo ya kidato cha pili baba alipofutwa kazi kiwandani? Nani alikubeba mgongoni usiku kwenda hospitali? Nani alikuombea ukiwa kwenye pombe, na leo hujampigia simu mwaka mzima?

Na wewe unayebeba sasa hivi, nataka nikufikie. Wewe unayemtunza mzazi aliyepooza, ndugu zako wakituma salamu tu. Wewe unayefika kanisani saa kumi na mbili asubuhi kupanga viti. Wewe mwenye mkokoteni pale sokoni. Wewe dada wa zamu ya usiku, London, Doha au Ruiru. Waebrania 6:10 inakuhakikishia kwamba Mungu hawezi kufanya dhuluma ya kusahau ulichowatendea watu wake. Umechoka, najua. Pumzika, omba mtu akupokee bega kidogo. Wale wa Marko walikuwa wanne, si mmoja. Lakini usimwache uliyembeba katikati ya njia.

Kazi ya wiki hii: kabla ya Jumapili, mtafute mtu mmoja aliyekubeba. Mpigie simu, au mtembelee na sukari mkononi. Kama amekwenda kwa Bwana, waambie wanao jina lake. Kisha andika jina hilo hapo chini, tulisome pamoja, tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

TUOMBE: Baba, asante kwa mikono iliyotubeba tulipokuwa hatuwezi kutembea. Mkumbuke kila mtu anayebeba mwenzake usiku huu na hakuna anayemwona. Mtie nguvu mgongo wake, mpe mtu wa kumsaidia. Wafariji wanaongoja kumpokea mpendwa wao kutoka mbali. Utufundishe kubeba hadi mwisho, na kutosahau majina. Katika jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe sana. Tuonane Jumapili, Thika saa tatu asubuhi, Ruiru saa sita.

Mchungaji wenu.