Mkono wa Babu

Babu yangu aishiye Kitanga anaugua ugonjwa wa Parkinson. Watu humtazama mkono unavyotetemeka, wakadhani tabu yake yote ni hiyo. Sivyo. Mkono ule hutetemeka zaidi akiwa ameulaza pajani. Akiunyosha kuchukua kikombe, mtetemeko hupungua. Tabu huanza hapo hapo.

Hebu nyosha mkono uchukue kalamu iliyo mbele yako. Utaona vidole vinafunguka njiani, mkono ungali unakwenda, nao unapofika vidole vi tayari. Ni kazi mbili zifanyikazo pamoja, wala hatuzifikirii. Kwa babu kazi hizo huachana. Mkono huenda polepole. Vidole huchelewa kufunguka, tena hufunguka kidogo, hata kikombe kikasukumwa badala ya kushikwa. Nguvu anazo: akisha kukishika, kumnyang'anya si rahisi!

Siku moja mdogo wangu aliviringisha limau mezani, likawa karibu kuanguka. Babu akalidaka kwa wepesi kama kijana. Jirani aliyekuwapo akasema, "Kumbe mzee anajisingizia." Maneno hayo yalimwuma sana, kwa siku nyingi hakutaka kunywa chai mbele ya watu. Mwalimu wetu wa Baiolojia ndiye aliyenieleza sababu. Kitu kinachokwenda huuamsha mkono kwa njia ya macho, bali kikombe kilichotulia chataka amri itoke ndani, na amri hiyo ndiyo iliyopungua. Katikati ya ubongo zimo seli nyeusi zitengenezazo dopamini, ambayo husaidia kuanzisha na kuunganisha mienendo ya mwili. Seli hizo zikifa, mienendo huwa mizito na midogo.

Daktari James Parkinson wa London alieleza ugonjwa huu mwaka 1817. Hapa Tanzania, wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wakatangaza matokeo mwaka 2008: walipata wagonjwa 33 katika watu wapatao 161,000, na wengi wa hao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari ugonjwa wao ni nini. Babu naye kwa miaka mitatu aliambiwa ni uzee, na wengine wakanong'ona kuwa amelogwa.

Sasa anameza vidonge vya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Havimponyi, lakini dawa ikisha kuingia mwilini vidole hufunguka mapema kidogo. Tatizo ni maharage! Chakula chenye protini nyingi huizuia dawa isifike vizuri, nasi huku kwetu bila maharage hatujala. Kwa hiyo bibi humpa kidonge nusu saa kabla ya chakula, naye ni mkali kuliko kengele ya shule. Vidonge vikikaribia kwisha, baba hupanda gari kwenda Kasulu mjini. Visipopatikana huko, huendelea mpaka Kigoma.