Gari la Mjomba, Luku ya Bibi

Leo naungama. Sijaua wala sijatoroka na mke wa mtu, lakini nilichofanya bado kinanichoma roho, maana aliyeumia ni bibi yangu mzaa mama.

Naishi Tabata kwa Mjomba tangu nimalize kidato cha nne na kuanza hizi harakati za kuandika. Mwaka 2024 Mjomba aliuza gari lake la petroli akavuta Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani. Gari la umeme, bwana! Halina muungurumo, halitoi moshi, sheli linapita tu kama halioni. Betri yake ikiwa mpya inabeba uniti 24. Hii ya mtumba imechoka, ukiijaza inakula kama uniti 20 hivi. Kwa plagi ya kawaida ya ukutani hiyo ni kazi ya saa tisa, kwa hiyo lazima lilale kwenye waya.

Kazi ya kulichaji nikapewa mimi. Kila Jumapili Mjomba ananipa Sh 15,000 za Luku, kuchaji mara mbili kwa wiki. Kwenye mita ya nyumba kubwa ukitoa elfu kumi unapata uniti 28. Piga hesabu mwenyewe: hela inatosha, chenji ya maana hakuna.

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza.

Bibi anakaa vyumba vya uani na ana mita yake. Yeye yuko kwenye kundi la watumiaji wadogo: anatoa Sh 9,150, anapata uniti 75 za mwezi. Ana taa mbili, redio na friji ndogo ya kuuzia barafu. Chakula anapikia mkaa. Hamalizi hata nusu na ushee, lakini kila mwezi ananunua zote 75. "Umeme hauozi, mume wangu," huniambia. Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu. Mita yake ilikuwa inasoma 210. Na barazani kwake kuna soketi ya zamani, alifungiwa fundi cherehani aliyewahi kupanga pale. Kutoka soketi hiyo hadi gari linapolala ni hatua mbili.

Nadhani umeshanielewa. Saa mbili na nusu usiku nachomeka kwa Bibi, saa kumi na moja na nusu alfajiri nachomoa. Mshiko wa Mjomba unabaki mfukoni. Nikapiga raba mpya, bando likawa halikati, washikaji wakaanza kuniita bosi. Bibi aliuona ule waya. Aliwakataza hata watoto wasiukanyage, "waya wa gari la Mjomba wenu". Hakuuliza unatokea wapi. Aliniamini.

Wiki ya sita nikachungulia mita yake: uniti 19. Jasho likanitoka. Nikaazima hela, nikamnunulia kimya kimya za Sh 20,000. Nikapata uniti 46 tu! Kumbe za mwezi ule 75 alishachukua, na ukizidisha hapo unauziwa kwa bei ya juu kuliko hata ya nyumba kubwa. Mwezi uliofuata nikarudia. Nikajiona nimefunika kombe.

Mwezi wa tatu Bibi akanipa Sh 9,150 zake, zimefungwa kwenye pindo la khanga kama kawaida. Meseji ikarudi na uniti 25. Alikuwa ametolewa kundi la wadogo.

"Mume wangu, wameniibia?" akaniuliza. Nikasema labda mtandao. Uongo mbaya!

Bibi hakuridhika, akaita fundi akijua umeme unavuja. Fundi akakagua mita, akakagua friji, akafika barazani. Alipofungua ile soketi, ndani ilikuwa nyeusi tii, plastiki imeyeyuka.

"Bibi, unapikia umeme?"

"Mimi? Mkaa wangu ule pale."

"Basi kuna kitu kikubwa kinakula hapa. Pasi inakula sana lakini dakika chache. Hiki kimevuta saa nyingi mfululizo, usiku baada ya usiku. Soketi kuukuu ikilegea kidogo inashika moto. Mngeungua."

Ukutani pale, upande wa pili, ndipo kilipo kitanda cha Bibi.

Mjomba akaligeukia gari. Halafu akanigeukia mimi. Sikungoja kuulizwa, nikasema yote. Mjomba aliwaka, hayo niachie mwenyewe. Bibi hakugomba. Alisema tu, "Si ungeniomba?" Kisha akaniita kwa jina langu la shule, akaniambia nikamletee maji.

Siku hizi gari lina waya wake mnene kutoka mita ya nyumba kubwa, lina soketi yake peke yake na swichi ya kujikata umeme ukizidi. Barua ya kuomba Bibi arudishwe kundi lake nimeipeleka mwenyewe, tunasubiri. Wakati tunasubiri, uniti zake 75 ni karibu Sh 26,700. Yeye anatoa 9,150 zake, elfu kumi na saba na ushee natoa mimi, kwa hizi makala unazosoma. Raba nimeuza.

Wewe unayeota kuvuta gari la umeme, ota tu, ni zuri. Ila kabla hujalichomeka, ita fundi aangalie soketi, na ujue uniti unazolisha ni za nani. Umeme wa wizi hauna harufu mpaka siku plastiki inapoyeyuka.

Bibi tunasalimiana, barafu ananipa. Lakini mpaka naandika haya, bado ananiita kwa jina langu la shule.