Mbuzi Hakuula Mwasumini

Mbuzi hakuwa na kosa. Mwasumini wa bibi niliuunguza mimi, kwa maji ya kisima, na pesa alizoniachia za kununua maji matamu nilizila kwa mishkaki na vocha za simu.

Ilikuwa mwaka 2013, kaskazi imekaza. Mfungo Sita uliangukia Januari, na bibi akasafiri kwenda Lamu kwa Maulidi, akakaa kwa dadake wiki sita. Bustani yake hapa Malindi ilikuwa uga mdogo nyuma ya nyumba: rihani kwenye madebe ya mafuta, mkadi mmoja, bogenvilia juu ya ukuta, na mwasumini uliopandwa kabla sijazaliwa. Jioni alichuma matumba ya asumini kabla hayajafunguka, akatunga makoja na vikuba. Harusi za mtaa mzima zilimtegemea. Siku ya safari aliniambia, "Maji ya kisima ni ya kufulia. Maua yangu yanunulie ya mkokoteni, mtungi mmoja kila jioni." Nikaitika, "Haya, bibi."

Wiki ya kwanza nilinunua. Wiki ya pili bomba likakauka, mwenye mkokoteni akapandisha bei, nami nikajiambia maji ni maji. Aliyekulia Malindi hawezi kusema hakujua. Chini yetu ni matumbawe na mchanga. Maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na kaskazi ikikausha, kila ndoo unayovuta inaisogeza chumvi juu.

Rihani ilitangulia kufa. Kisha majani ya mwasumini yakaanza kukauka nchani, rangi ya kahawia ikitambaa kuelekea kikonyo. Nilidhani ni kiu, nikaongeza ndoo. Udongo ukafanya ukoko mweupe, nikaupangusa kwa kiatu. Bogenvilia peke yake haikujali chumvi wala jua, ikazidi kuwaka, nami nikaifanya shahidi wangu kwamba maji yale hayana neno.

Siku mbili kabla bibi hajarudi, mwasumini ulikuwa vijiti vitupu. Hadi hapo ningeweza kusema ni uvivu tu. Nililofanya baadaye silipatii jina, na siwezi kusingizia utoto, maana nilikuwa na miaka 22. Nilivunja matawi, nikachubua gome kwa kisu, nikaokota kinyesi cha mbuzi kichochoroni na kukimwaga shinani. Mwenye mbuzi pale mtaani alikuwa mmoja tu.

"Mbuzi wangu sijamfungua tangu mwezi uandame," jirani alisema, amesimama mlangoni, hakualikwa kuketi. Bibi hakumgombeza. Alinyamaza, na wanaomjua bibi watakwambia afadhali angegomba. Wiki hiyo hiyo jirani akamuuza yule mbuzi, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chai ya wanawe.

Aprili kaskazi ikalala, mvua ya mwaka ikashuka. Mto Sabaki ukaleta udongo wa bara hadi bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa, kama kila masika. Mvua iliiosha chumvi ikaipeleka chini, mbali na mizizi, na mwezi wa Mei mwasumini ukachipua shinani, majani mabichi yanayong'aa. Bibi alishukuru kwamba mti umepona meno ya mbuzi. Ulipotoa maua, koja la kwanza alilotunga alinikabidhi mimi.

"Mpelekee jirani. Mwambie yamekwisha, nimemsamehe."

Nikalipeleka. Nikayasema maneno yale yale, neno kwa neno, na sauti haikunitetemeka. Jirani alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akanituma nimshukuru bibi.

Bibi alifariki bila kujua. Jirani yungali pale pale, na najua mwanawe hununua magazeti na kumsomea. Basi mama, sikiliza: mbuzi wako hakuula mwasumini, wala hakuingia uani kwetu hata siku moja. Ijumaa baada ya sala nitakuja kwako na mbuzi jike, anayekamuliwa.