Chujio Kuukuu na Chupa Mbili

Nyumbani kwetu katika mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, kuna sanduku la kioo lililojaa maji, na ndani yake wanaishi samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Wageni wakiingia hucheka. Huuliza, "Mzee, samaki hawa mnawangojea wanenepe ndipo mwale?" Hapana, hatuwali. Ni wa binti yangu. Shemeji yangu alimletea kutoka Moba, ndani ya bidoni, akamwambia, "Uwatunze vizuri, maana hawa hawapatikani mahali pengine duniani." Naye alisema kweli. Ziwa lile ni la zamani sana, kina chake ni kama mita 1,470, na aina nyingi za samaki wake hukaa humo tu. Mtaalamu Mbelgiji Max Poll aliwachunguza katika safari ya utafiti ya miaka 1946 na 1947, akawapa wengi wao majina ya kitaalamu.

Leo sitaki kuwasifu samaki. Nataka kuwaeleza kosa langu, ili lisitokee katika nyumba nyingine.

Sanduku la samaki halikai bila chujio. Chujio ni chombo chenye pampu ndogo ya umeme: huvuta maji machafu, huyapitisha katika sifongo, kisha huyarudisha. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na pampu yetu ikaungua. Kesho yake, siku ya Jumamosi, nikaenda mapema soko la Kenya. Kwa muuzaji wa vyombo vilivyokwisha tumika nikakuta chujio kubwa, la bei nafuu. Ndani yake mlikuwa na sifongo nyeusi, makaa ya kuchujia na konokono wakavu, na ukoko mweupe wa chokaa ulikuwa umeshika mirija yote. Nikamwuliza, "Lilitoka wapi? Samaki wake walikufa kwa sababu gani?" Akanijibu, "Mzee, mimi nauza chombo, siuzi habari zake. Osha tu."

Basi nikaosha. Nilikuwa na haraka, maana samaki walikwisha kaa usiku kucha bila chujio. Nikaweka beseni jikoni, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi, nikamimina Javel bila kipimo, nikidhani kwamba wingi wa dawa ndio usafi. Binti yangu, mwenye miaka kumi na miwili, alichuchumaa kando ya beseni akisugua. Weusi ulitoka, lakini ukoko ulikataa. Akasema, "Baba, Mama huondoa ukoko wa birika kwa siki." Nikamjibu, "Lete." Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikamimina siki juu ya Javel.

Mara harufu kali ikapanda, ikatuchoma macho na koo. Mimi niliyesimama nilikohoa tu. Mtoto aliyekuwa chini alishika kifua, akafumbua kinywa, na pumzi haikuingia. Mke wangu alisikia kishindo, akafungua mlango, akamvuta mpaka uani penye hewa, akamwosha macho kwa maji mengi. Tukamkimbiza dispensari. Mganga alimsikiliza kifua, akamweka pale mpaka jioni. Namshukuru Mungu, pumzi ilirudi. Lakini kikohozi kilikaa naye siku nne, na kila alipokohoa usiku nilijiona kama mtu aliyeshtakiwa.

Mganga hakunigombeza. Alinieleza tu. Javel ikikutana na kitu kikali kama siki, ndimu au dawa ya kuondoa chokaa chooni, hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo Wajerumani walioiachilia juu ya askari karibu na Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua watu wengi. Nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo hushuka chini. Ndiyo sababu mtoto aliyechuchumaa aliumia kuliko baba yake aliyesimama. Tena Javel haichanganywi na dawa za usafi zenye amonia, wala na mkojo, maana hapo pia hutoka hewa mbaya.

Ungedhani kwamba nimekwisha fundishwa. Kumbe bado. Siku zilizofuata nilisuuza chujio mara nyingi, nikalikausha mpaka harufu yote ikaisha, nikalifunga. Maji yakang'aa kama kioo. Nikajisifu moyoni. Baada ya juma moja samaki walikuwa juu ya maji wakihema upesi upesi, na kati ya sita wakafa wanne. Binti yangu hakulia mbele yangu. Aliwazika chini ya mwembe, akaniuliza, "Baba, kama ni safi, mbona wamekufa?"

Sikuwa na jibu. Nikamwendea mwalimu mmoja afundishaye elimu ya viumbe katika shule ya sekondari. Akanieleza hivi: samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa uchafu wao, na amonia ni sumu kwao. Katika sifongo ya chujio la siku nyingi wanaishi bakteria wema. Baadhi huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Kazi ya chujio si kukamata takataka tu, bali ni kuwapa wafanyakazi hao nyumba. Mimi niliweka nyumba isiyo na mtu. Huchukua majuma manne mpaka sita kabla hawajawa wa kutosha. Tena maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi.

Akaniambia na jambo jingine ambalo sisi watu wa Katanga yafaa tulisikie. Mji wetu umejengwa kwa shaba, lakini shaba ndani ya maji ni sumu kwa samaki, na kwa konokono zaidi. Baadhi ya dawa za samaki wagonjwa zina shaba, na makaa na mawe ya chujio huweza kuihifadhi. Kwa hiyo chujio la mtu usiyemjua laweza kuja na dawa aliyoitumia na ugonjwa aliokuwa nao. Tena ugonjwa mmoja hupita mpaka kwa watu. Ni bakteria wa jamaa ya kifua kikuu, aitwaye Mycobacterium marinum. Mtaalamu Aronson alieleza habari zake mwaka 1926, alipomwona katika samaki waliokufa. Huingia kwa jeraha la mkono, hufanya uvimbe na vidonda, na kutibiwa kwake huchukua miezi. Javel haimwui upesi kama iuavyo vijidudu vingine.

Tangu hapo nafanya hivi, wala sibadili. Kwanza nachomoa waya wa umeme, nautazama wote. Ukiwa umechubuka, chombo hakitumiki. Navaa glavu za mpira, hasa nikiwa na jeraha. Sifongo kuukuu, makaa na vipete vya udongo natupa vyote. Bei yake ni ndogo kuliko hasara. Vilivyobaki nasugua kwa brashi na maji ya vuguvugu, bila sabuni, maana sabuni hubaki na huua. Ukoko naulowesha katika siki peke yake, kisha nasuuza sana. Siku nyingine, uani, natia kipimo kimoja cha Javel katika vipimo ishirini vya maji, nalowesha robo saa. Kigurudumu cha sumaku hakikai humo muda mrefu, kwa kuwa Javel hula chuma. Halafu nasuuza mara nyingi, naanika juani siku mbili tatu, mpaka pua isipate harufu hata kidogo. Mwisho naliendesha chujio katika ndoo ya maji kabla ya kulipeleka kwa samaki, nione kama linavuja.

Hata hapo sina haraka. Natia ndani kipande cha sifongo kutoka sanduku la mtu ambaye samaki wake ni wazima, naweka samaki wachache, nawapa chakula kidogo, nabadilisha maji mara kwa mara.

Lakini chujio lako mwenyewe, lenye samaki wazima, usilifanyie hivyo. Lioshe polepole katika ndoo ya maji yaliyotolewa sandukuni mle mle. Maji ya bomba yana klorini kwa ajili ya afya yetu, nayo huwaua wale bakteria wema. Tena umeme ukikatika saa nyingi, usiuwashe na kuondoka. Ndani ya chujio lililofungwa bakteria hukosa hewa, hufa na kuoza. Lifungue kwanza, umwage maji yale yanayonuka, ndipo uliwashe.

Na maji ya kuoshea yamwage juu ya udongo mkavu, mbali na kisima. Usiyamwage mtoni Lubumbashi. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likachukuliwa huku na huku kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Katika miaka ya 1950 lilienea katika mto Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria. Wavuvi na vyombo vya maji wamesumbuka nalo mpaka leo.

Najua wengi wenu hamfugi samaki. Lakini Javel iko katika kila nyumba. Tunaitumia chooni, katika nguo, na wakati wa kipindupindu. Siki na ndimu ziko jikoni hapo hapo. Kwetu chupa hizo mbili sasa hazikai pamoja: siki iko kabatini, Javel iko nje, juu, chini ya kufuli. Binti yangu ndiye anayetunza ufunguo. Wale samaki wawili waliobaki wamezaa, na sanduku limejaa watoto wao. Juzi jirani alimletea chujio kuukuu amwoshee. Nilimsikia akiuliza, kabla hajaligusa, "Lilitoka wapi? Na samaki wake walikufa kwa sababu gani?" Jirani hakujua. Basi mtoto akaenda kuvaa glavu.