Nguzo Haziendi Dunguni: Safari Yetu Katika Delta ya Rufiji

Katika stoo ya msikiti mmoja mdogo wa delta ya Rufiji kuna jenereta iliyofunikwa kwa gunia. Sisi ndio tulioipeleka. Miaka minne iliyopita kamati yetu ya msikiti, hapa Dar es Salaam, ilichangisha waumini, ikanunua jenereta hiyo, ikaivusha kwa mashua, ikapiga picha, ikaomba dua na kurudi mjini ikiwa na furaha. Haukupita mwaka ikanyamaza. Haikuwa mbovu. Petroli yake ilinunuliwa ng'ambo kwa madumu, ikapandishwa chomboni, ikafika kitongojini kwa bei ambayo wavuvi na wakulima wa mpunga hawakuweza kuibeba. Waliona haya kutuambia, nasi hatukuuliza.

Mwaka huu wazee wa kitongoji hicho walituandikia tena, wakiomba tusaidiane juu ya umeme. Kamati ilikaa, ikachangisha upya, na mara hii ikaazimia isirudie kosa. Tulikubaliana kujenga gridi ndogo: paneli za sola mahali pamoja, betri ndani ya chumba, kisha nguzo na nyaya hadi kila nyumba. Michoro ilikuwa tayari, na baadhi ya wachangiaji walikwishatoa fedha zao kwa jina la nguzo. Lililobaki, kwa mawazo yetu, lilikuwa kwenda kupima tu.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri tukiwa wanne: mwenyekiti, mhazini, fundi wa umeme ambaye ni jirani wa msikiti, na katibu anayeandika haya. Tulishika barabara ya Kilwa, tukapita Mkuranga, na tulipofika Bungu tukaiacha barabara kuu na kuelekea mashariki hadi Nyamisati. Hapo ndipo abiria wa Mafia hupanda chombo. Sisi tulipanda mashua ndogo yenye injini, baada ya kungoja maji yajae, kwani katika delta si saa inayoamua safari bali ni kujaa na kupwa kwa maji.

Mwenye kuingia delta ya Rufiji kwa mara ya kwanza hudhani amepotea. Mto hugawanyika mikono mingi, kila mkono ukiwa na vijito vyake, na kila upande ni mikoko, michu na mikandaa iliyosimama katika tope. Huu ndio msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya mwambao wa Afrika Mashariki, nao ni hifadhi. Haukatwi bila kibali. Fundi wetu aliutazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kila nguzo hapa ina kesi yake."

Maneno yake yalitukumbusha jambo ambalo kila msomaji wa gazeti hili anaweza kulipigia hesabu. Maji yaleyale tuliyokuwa tukiyavuka yamepita kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, huko juu ya mto, lenye mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mapema mwaka 2024. Kitongoji tulichokuwa tukikiendea kina kaya 46. Tukikisia kwamba kila kaya itawasha taa nne ndogo jioni, redio, na kuchaji simu, matumizi ya wote hayafiki uniti kumi kwa siku. Mahitaji yao ya mwaka mzima yangetoka bwawani, mitambo yote ikizunguka, kwa muda usiozidi sekunde saba. Kwa hiyo umeme upo. Kinachokosekana ni njia ya kuufikisha, nayo ndiyo yenye gharama.

Umeme wa bwawa hilo husafirishwa hadi Chalinze kwa nyaya za kilovolti 400, kisha hugawanywa nchini. Ili ufike vijijini hushushwa hadi nyaya za kilovolti 33, na penye nyumba huwekwa transfoma ya kuupunguza tena. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimekwisha kufikiwa, na sasa kazi iliyobaki ni ya vitongoji. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kijiji kina kituo chake, shule na maduka. Kitongoji huweza kuwa nyumba kumi hapa na nyumba sita kule, kati yake mto. Kilomita sita za nyaya zikihudumia kaya elfu moja, kila kaya hubeba sehemu ndogo ya gharama. Nyaya hizohizo zikihudumia kaya 46, ni sawa na kukodi lori kupeleka kibaba cha mchele.

Si sisi wa kwanza kukutana na hesabu hii. Huko New Zealand, katika miaka ya 1920, mhandisi Lloyd Mandeno alibuni njia ya kupeleka umeme mashambani kwa waya mmoja tu, na kuiacha ardhi yenyewe iwe njia ya kurudia. Waya mmoja ni mwepesi, hivyo nguzo huwa chache na zenye nafasi kubwa kati yake. New Zealand na Australia zimeyafikishia umeme mashamba ya mbali kwa njia hiyo. Kasoro yake ni kwamba hubeba mzigo mdogo, na mashine kubwa zinazotaka fezi tatu haziendeshi moja kwa moja.

Ndugu zetu wa Tunisia, katika miaka ya 1970, waliacha mtindo wa Ulaya wa kupeleka fezi tatu kila mahali. Walijenga njia kuu zenye fezi tatu, na matawi yake wakayafanya ya fezi moja. Wakati huo ni kaya sita tu katika kila mia za vijijini zilizokuwa na umeme. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa karibu tisa katika kumi. Morocco nayo mwaka 1995 ilikuwa na asilimia 18 tu ya wakazi wa vijijini waliofikiwa, na leo ni zaidi ya asilimia 99. Wao walipima gharama kwa kila kaya: palipofaa walipeleka gridi, na nyumba zilizotawanyika milimani wakazipa vifaa vya sola. Hawakung'ang'ania njia moja kwa watu wote.

Hayo tulikuwa tumeyasoma, na kwa kuyasoma tukajiona tumejiandaa. Tulifika kitongojini kabla ya Adhuhuri. Baada ya swala na chakula cha wali kwa kamba wa mtoni, fundi alianza kupima kwa kamba, huku vijana wakishika vigingi. Nyumba zote zilikuwa na watu, kwa kuwa mpunga ulikwisha kuvunwa. Mhazini alihesabu, nayo hesabu ikalingana na barua: kaya 46.

Alasiri tulikaa barazani mwa msikiti, wazee upande mmoja na akina mama upande wa pili. Mwenyekiti alieleza mpango. Alipomaliza, mama mmoja mtu mzima aliomba ruhusa ya kuuliza.

"Wanangu," alisema, "hizo nguzo mtazisimika hapa?"

"Ndiyo mama, hapa hapa. Kila nyumba itapata waya wake."

"Haya. Na dunguni je?"

Tulitazamana. Yeye akaendelea kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. "Nyie mmekuja wakati tupo. Njooni mpunga ukiwa shambani, muone kama mtatukuta. Tunahama na watoto, tunahama na kuku. Miezi mitano, miezi sita, tuko dunguni tunaamia. Huko ndiko kwenye giza. Hapa kuna jirani, kuna msikiti. Huko kuna nguruwe na kiboko. Nguzo zenu zitatufuata?"

Hakuna aliyejibu. Fundi wetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa na mchoro mkononi, aliukunja akautia mkobani.

Kwa wasiojua, dungu ni kibanda kinachojengwa juu ya miti mirefu katikati ya shamba la mpunga, chenye ngazi na paa la makuti. Familia huishi humo tangu mpunga unapopandwa hadi unapovunwa, ikiulinda dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Asubuhi iliyofuata tulipelekwa kuyaona. Msimu ulikwisha kupita, madungu yalikuwa matupu, lakini katika dungu moja tulikuta kibatari kimening'inizwa chini ya makuti, na juu yake duara jeusi la moshi. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba mama huwasha kibatari hicho kichanga kinapolia usiku, akikilinda kwa mkono ili cheche isishike paa. Watoto wa madrasa hukatiza masomo yao msimu wote, na wakirudi hurudi nyuma.

Tulirudi kimya. Tulikuwa karibu kutumia amana ya watu kusimika nguzo zitakazowaangazia wenye nyumba kwa nusu mwaka, na nusu nyingine kuangaza milango iliyofungwa.

Baada ya Isha tulikaa tena kwa shura, na safari hii sisi ndio tuliouliza. Tulizungumza hadi usiku wa manane. Tuliafikiana kwamba msikiti na madrasa, ambavyo havihami, viwe na mtambo wao mdogo: paneli juu ya paa, betri ya lithiamu inayostahimili kutumiwa kila siku, taa, kipaza sauti na mahali pa kuchajia simu. Kila kaya ipate kifaa chake cha sola chenye paneli ndogo, taa mbili na tundu la simu, kinachobebeka kichwani na kufungwa juu ya dungu. Kila kaya ichangie kila mwezi kiasi kisichozidi kile ilichokuwa ikitumia kwa mafuta ya taa na betri za tochi, na mfuko huo ushikwe na kikundi cha akina mama, usiguswe ila kwa matengenezo. Vijana wawili, wa kiume na wa kike, waje mjini wajifunze kwa fundi wetu kufunga, kusafisha na kutambua ubovu.

Si wote walioridhika. Kijana mmoja mvuvi alisimama akasema, "Taa ni nzuri kwa wazee na watoto. Sisi tunataka barafu. Kamba wanatuozea, tunauza kwa bei ya mchuuzi." Alikuwa na haki. Vifaa hivi havigandishi barafu wala havikobolei mpunga. Hizo ni kazi za gridi, au za mtambo mkubwa kuliko uwezo wetu. Gridi ikifika, uniti zake ni rahisi na hubeba mashine, na hakuna mwenye akili atakayeikataa. Hatukumwahidi barafu. Tulimwahidi kwamba chumba cha betri kitaachiwa nafasi ya kuongezwa, na kwamba tutawasaidia kuandika maombi ya kitongoji kwa wahusika.

Liligeuka kubaki jambo zito zaidi, nalo lilitungoja mjini. Fedha tulizokuwa nazo zilitolewa kwa ajili ya nguzo. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akitoa mali yake kwa jambo maalumu, mwenye kuishika haihamishi kwa jambo lingine kwa kuona kwake mwenyewe, hata kama jipya ni bora. Kwa hiyo baada ya swala ya Ijumaa tulisimama mbele ya jamaa, tukasoma taarifa yote: jenereta iliyo chini ya gunia, kosa la kutouliza, na suala la dungu. Tukasema kwamba kila atakayetaka fedha yake atarudishiwa bila kuulizwa sababu.

Wawili walichukua zao, nasi hatuwalaumu. Mzee mmoja, aliyetoa gharama za nguzo moja kwa niaba ya marehemu mama yake, alikaa kimya hadi watu walipotawanyika. Kisha akatufuata.

"Huko kwenye madungu, mama mwenye kichanga atapata taa?"

"Atapata, mzee wetu."

"Basi futeni nguzo, andikeni taa."

Tumeandika haya kwa ajili ya familia na kamati nyingine, kwa kuwa misikiti mingi hutamani kuwapelekea mwanga ndugu wa mbali. Kabla ya kuchangisha hata shilingi, ulizeni watu wanaishi wapi kila mwezi wa mwaka, na si siku mliyofika tu. Ulizeni wanataka umeme wa kazi gani. Ulizeni nyumba ngapi zitagawana kila kilomita ya waya. Na ulizeni nani atalipa na nani atatengeneza mtakapokuwa mmekwisha kuondoka. Swali la mwisho ndilo tulilolisahau mara ya kwanza, na la kwanza ndilo tulilokaribia kulisahau mara ya pili.

Vifaa vimekwisha kupelekwa, na vijana wawili wamemaliza mafunzo. Jenereta tumeiuza kwa ridhaa ya wazee, na fedha yake imefungua mfuko wa akina mama. Hatudai kwamba tumefaulu. Paneli hudumu miaka mingi, lakini betri ina ajali yake. Siku betri ya kwanza itakapokufa, na mfuko ukafunguliwa ikanunuliwa nyingine bila sisi kupigiwa simu, ndipo itakapojulikana kama tulipeleka sadaka yenye kuendelea au gunia la pili la kufunikia.

Wabillahi tawfiq.