Mzio wa Mjukuu

Katika pwani ya Waswahili mgeni haulizi sahani imetiwa nini. Hunawa, hupiga bismillahi, hula. Na akiuliza sana, mwenye nyumba huona ametuhumiwa. Adabu hii ni njema, lakini yaonekana ilitungwa na watu ambao miili yao haikuwa na ugomvi na ufuta.

Katika mtaa mmoja wa London akaa mama, mzaliwa wa Tanga, aliyeolewa na mtu wa Unguja. Mtoto wao alipokuwa na umri wa miaka miwili alipewa kipande cha mkate wa ufuta, mkate ambao baba yake aliuzoea tangu utoto. Kabla kipande hakijaisha midomo ilivimba na pumzi ikawa nzito. Alipona kwa sindano, hospitalini. Tangu siku ile, kwenda dukani kukawa kusoma kuliko kununua. Mama alisoma kila karatasi iliyobandikwa juu ya chakula, akakutana mara nyingi na neno dogo liudhilo kuliko maneno yote: huenda. Huenda ufuta umo. Nchini Uingereza onyo hilo halilazimishwi na sheria. Mtengenezaji mmoja huliandika kwa uangalifu, wa pili kwa uvivu, na wa tatu haliandiki kabisa.

Hata sheria iliyopo ilipatikana kwa bei kali. Mwaka 2016 Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15, alikula mkate alioununua kabla ya kupanda ndege kwenda Ufaransa. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga, macho yasiuone, wala karatasi haikuutaja, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikumlazimisha muuzaji aliyefunga chakula dukani mwake. Sindano mbili hazikumwokoa. Tarehe 1 Oktoba 2021 ilianza kutumika sheria iitwayo kwa jina lake. Lakini sheria za namna hii huamuru kutaja, haziamuru kutotia. Marekani ilipolazimisha ufuta utajwe, tangu tarehe 1 Januari 2023, baadhi ya waoka mikate waliona kwamba kuongeza ufuta kidogo na kuutaja ni rahisi kuliko kusafisha mitambo yao. Karatasi ikawa ya kweli na mkate ukawa haramu kwa watoto waliokuwa wakiula jana.

Basi mama huyo aligeukia jiko liwapikialo watu wenye watoto kama wake. Kila wiki huletewa mlangoni chakula kilichopikwa tayari, kimefungwa, kila chombo na orodha yake: wali, kuku, dengu, mboga. Utamu wake ni wa kadiri tu. Lakini kinachouzwa pale hasa si kilichomo, bali kisichokuwamo. Ufuta, karanga, korosho na lozi havivuki kizingiti cha jiko lile, wala mwiko wake haujapata kukoroga kitu kingine. Bei ni kubwa. Maskini mwenye mtoto wa namna hiyo hubaki na macho yake na hofu yake, na hapo hapana haki.

Mavyaa wake alipokuja kutoka Unguja, alifungua sanduku akatoa kashata za ufuta. Mkaza mwana alizipokea kwa mikono miwili, akazifunga katika mifuko mitatu, akazitoa nje. Bibi alinyamaza hadi jioni, vyombo vilipoletwa.

"Mjukuu wangu alishwa na mkono usiojulikana," alisema, "na mimi nipo?"

"Mama, si mkono wako. Ni ufuta."

"Ufuta nitaukaanga uive sawasawa."

Alielezwa kwamba moto hauondoi madhara yale, na kwamba chembe iliyobaki katika kijiko yatosha. Hakuridhika. Maelezo ya daktari yalimpita kama mvua juu ya bati, mpaka mwanawe alipotamka kwamba mtoto ana mzio. Neno hilo bibi alilijua kabla ya madaktari kuliazima: chakula ambacho mtu hujizuia nacho kwa sababu chamdhuru, au kwa sababu mganga amemkataza. Katika nyumba aliyokulia alikuwako shangazi ambaye mzio wake ulikuwa pweza. Shangazi alikuwa na chungu chake na upawa wake, na hakuna aliyemwona mwenye kiburi.

"Mbona hamkusema hivyo?" aliuliza.

Kisha akataka simu ipigwe kwa wenye jiko. Mkaza mwana, kwa haya, alitafsiri swali lake: hao wapishi, chakula chao wenyewe cha mchana hula wapi, na huja nacho kutoka nyumbani? Katika miaka yote ya kununua, mama msomaji wa karatasi hakuwahi kuuliza hilo. Jibu lilikuwa kwamba hakiruhusiwi kuingia; hula katika chumba cha kando, kisha hunawa na kubadili nguo.

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alikwenda kunawa, akakaa mkekani, akamwita mtoto, wakala pamoja katika sahani moja.